Kifua Kikuu Hakifungwi Gerezani

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa maradhi ya gerezani ni ya wafungwa peke yao, nayo yamefungiwa pamoja nao nyuma ya kuta. Fikra hii ni potofu. Askari magereza hurejea kwake baada ya zamu, mahabusu hupelekwa mahakamani, na aliyemaliza kifungo hurudi kijijini. Anayetoka leo katika gereza la Mbinga, kesho yuko Namswea, amelala chumba kimoja na wanawe.

Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa katika chumba kilichosongamana na kisichopitisha hewa, wenzake huvuta vijidudu usiku kucha. Hata Nelson Mandela aliugua maradhi haya akiwa kifungoni mwaka 1988. Lakini tiba ipo, na hapa Tanzania hutolewa bure. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Anayetumia dawa ipasavyo, hatari ya kuwaambukiza wengine hupungua sana baada ya majuma machache. Anayekatiza dawa huweza kuzalisha vijidudu sugu.

Hivyo basi, tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila anayeingia gerezani apimwe mapema, na atakayebainika kuugua atengwe kwa ajili ya tiba, wala si kwa adhabu. Pili, msongamano upunguzwe. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi za jamii badala ya kwenda jela, mahakama ziitumie. Tatu, anayeachiwa huru kabla ya kumaliza dawa apewe barua ya kwenda zahanati ya kwao.

Lakini barua hiyo haitafaa kitu ikiwa sisi wanakijiji hatutampokea. Aliyetoka jela hunyooshewa kidole. Akikohoa hujificha, akichelea kuongezewa aibu juu ya aibu. Dawa huachwa, na wanaoumia ni watoto wake, kisha wetu.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Insan, imemtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima miongoni mwa wanaolishwa na watu wema. Basi tumsindikize ndugu yetu hadi zahanati. Mahakama ilimhukumu kifungo, haikumhukumu kifua kikuu.