Deni Lahesabiwa kwa Shilingi, Sisi Twahesabiwa na Nani?

Tangazo likitoka Nairobi kwamba hospitali za kibinafsi hazipokei tena wagonjwa wa SHA, bima ya afya ya serikali, kila mtu aje na pesa mkononi, nani hulia kwanza? Mwenye hospitali ya vitanda mia? Hasha! Hulia mama wa Shika Adabu aliyembeba mtoto mwenye homa saa tano usiku. Na hulia nesi aliyekodi vyumba viwili akafungua kliniki mtaani, maana mama huyo ni jirani yake, na kesho watakutana sokoni.

Hao wawili ndio hawakuulizwa.

Nimechoka, ndugu msomaji. Nimechoka kusikia neno "wanachama wetu" likitamkwa mbele ya kamera, halafu nikitazama kando yangu hapa bara la Mombasa simwoni mwanachama aliyeulizwa lolote. Na wewe pia umechoka, ila umechoka ukiwa umelala.

Chama ninachokisema ni RUPHA, chama cha hospitali za kibinafsi za vijijini na mijini nchini Kenya. Sitakivunjia heshima. Bima ya zamani ya NHIF, iliyokuwako tangu 1966, ilipozikwa na SHA kuanza kazi Oktoba 1, 2024, marehemu aliacha madeni ya kutisha. Hospitali zilikuwa zimetibu watu, zimetumia dawa, zimelipa mishahara, na pesa hazikuja. RUPHA na mwenyekiti wake, Dkt. Brian Lishenga, walisimama wakasema serikali ilipe. Walisema mara moja, wakasema mara ya pili, wakasema tena. Haki yao kabisa. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiye na mshahara halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Anayekatwa ana haki ya kutibiwa, na anayetibu ana haki ya kulipwa. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu: chama hicho kikifungua mdomo, mdomo huo ni wa nani?

Ndani yake mna hospitali yenye chumba cha upasuaji, jenereta, mhasibu na wakili. Ndani yake pia mna kliniki ya tabibu mmoja na msaidizi mmoja, vitanda viwili, mizani ya kupimia watoto na friji ya chanjo inayotetemeka umeme ukirudi. Wote ni wanachama. Wote wanadai. Lakini hawadai kimoja, na hawaumii mahali pamoja.

Hebu tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haina shangazi wala mjomba. Machi 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba asilimia 91 ya vituo vilivyokuwa na mkataba na NHIF vilikuwa vikidai shilingi milioni 10 au pungufu kila kimoja, na kwamba kuvilipa vyote kungegharimu bilioni 5.3. Deni lote lilikuwa likitajwa kuwa yapata bilioni 30. Umeona? Vituo tisa kati ya kila kumi viligawana kama sudusi moja ya deni. Kilichobaki, mlima wenyewe, kilikuwa cha wale wachache.

Hesabu hiyo ni ya vituo vya nchi nzima, si ya chama kimoja. Lakini yeyote anayezijua kliniki zetu anajua kwamba chama chochote cha hospitali za kibinafsi hakiwezi kuwa na sura nyingine. Ukihesabu vichwa, ni chama cha wadogo. Ukihesabu shilingi, ni chama cha wakubwa. Sasa niambie, mbele ya waziri, huhesabiwa vichwa au shilingi?

Unajua jibu. Usijifanye hulijui.

Anayedai milioni mia mbili anaweza kusubiri kwa hasira. Ana benki, ana wateja wa bima za kampuni, ana wagonjwa wanaolipa kwa kadi. Anayedai laki tatu hawezi kusubiri hata mwezi. Laki tatu hiyo ni kodi ya nyumba, ni mshahara wa msaidizi, ni dawa za wiki mbili. Mkubwa akikosa kulipwa hupunguza faida. Mdogo akikosa kulipwa hufunga mlango, na akifunga mlango hatangazwi kwenye habari za saa moja. Unapita asubuhi unakuta pale palipokuwa na kliniki pamekuwa duka la simu. Basi.

Na mlango ukifungwa hapa kwetu, ni mlango gani mwingine uliobaki?

Watu wa bara, tujihesabu wenyewe. Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Mombasa na watu 1,208,333. Kisiwani, yaani Mvita, walikuwako 154,171. Waliobaki wote, zaidi ya milioni moja, walikuwa huku: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882, na wenzetu wa Nyali na Jomvu. Katika kila watu wanane wa Mombasa, saba wanalala bara. Na hospitali kuu ya rufaa, ile ya Makadara, iko wapi? Kisiwani.

Mtu wa Likoni anajua maana yake. Maana yake ni feri. Ni kusimama kwenye mteremko na mgonjwa, ukitazama taa za ng'ambo ya pili huku chombo hakijafika. Sisi ni watu tuliozika ndugu zetu 272 wa feri ya Mtongwe Aprili 1994. Kivuko kwetu si mchezo. Tuna hospitali ya serikali ya Likoni, ndiyo, na Changamwe wana Port Reitz, na wanaofanya kazi humo wanajitahidi. Lakini nenda ukaione foleni. Halafu urudi uniambie kliniki za mtaani ni anasa.

Mwaka 2017 madaktari walipomaliza mgomo wao wa siku 100, wauguzi wakaanza wao, wakakaa nje miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakagoma tena siku 56. Siwalaumu, walikuwa na mkataba uliovunjwa. Nauliza tu: siku zote hizo, watoto wa Bofu na Junda na Chaani walichomwa sindano wapi? Kina mama walijifungulia wapi? Ni kliniki hizo hizo za vyumba viwili zilizotubeba. Nyingine zilitoa dawa kwa mkopo, zikaandika majina kwenye daftari, na daftari hilo halijalipwa hadi leo.

Sasa rudi kwenye lile tangazo. Februari 2025 RUPHA ilitangaza kusimamisha huduma za SHA: mgonjwa alipe taslimu. Kama silaha ya kuibana serikali, naielewa. Lakini silaha hiyo ina makali mawili, na kila upande unamkata mtu tofauti.

Hospitali kubwa ikisema taslimu, mgonjwa mwenye pesa atalipa na asiye nazo ataondoka. Kliniki ya Mtongwe ikisema taslimu, hakuna mwenye pesa atakayelipa, kwa sababu mwenye pesa hakuwa akitibiwa pale tangu mwanzo! Nesi atafanya nini? Akitii chama, anakaa na kliniki tupu. Akikaidi chama, anatibu kwa pesa zisizokuja. Ametengenezewa mtego na watu wanaosema wanampigania.

Je, kuna aliyemuuliza kabla?

Tena kuna jambo la shilingi 900. Viwango vya SHA vya 2024 viliwekea matibabu ya kawaida katika vituo vya ngazi ya pili na ya tatu shilingi 900 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Gawanya kwa miezi kumi na miwili. Sabini na tano! Shilingi sabini na tano kwa mwezi, kumwona mgonjwa, kumpima malaria, kumpa dawa, kumwona tena akirudi. Huyo aliyepanga kiwango hicho amewahi kununua glavu? Wenye hospitali kubwa jambo hili haliwakoseshi usingizi. Riziki yao iko kwenye upasuaji na vitanda. Lakini kwa kliniki ndogo ndiyo roho yenyewe. Chama kililalamika, nakubali. Lakini ni lini ulisikia hospitali kubwa zikitishia kugoma kwa ajili ya ile sabini na tano? Deni hupigiwa kelele, na deni lina wenyewe.

Na tusifichane, wadogo nao si malaika wote. Mwaka 2025 wakaguzi wa baraza la madaktari walifunga vituo 728 nchini na kushusha daraja vingine 301. Kuna matapeli, kuna waliodai pesa za wagonjwa ambao hawakuwahi kulazwa, kuna vibanda vyenye bango la msalaba mwekundu na ndani hamna mtaalamu. Wafungwe. Lakini kliniki ya mtu mwaminifu iliyokosa choo cha pili si sawa na duka la wizi, na kazi ya chama ni kusimama katikati na kusema: huyu ni mwizi, mchukueni, huyu ni wetu, mpeni miezi sita arekebishe. Chama kikimtetea kila mtu kwa mdomo mmoja, mwaminifu anafungwa kwa dhambi za mwizi.

Tena, chama ni cha vijijini na mijini, na sisi tuko wapi? Kwenye ramani sisi ni jiji. Kaunti yote ni jiji! Mtu wa ofisini akiangalia karatasi anaona Mombasa, anaona hoteli za ufukweni, anaona "mjini". Mpeleke Mwakirunge, kwenye mashamba na jaa la taka, aulize zahanati iko wapi. Tuko mjini pale tunapotozwa, tuko kijijini pale tunapougua.

Lakini sasa nakugeukia wewe, mwenye kliniki. Ndiyo, wewe, daktari wangu wa Mikindani, nesi wangu wa Ziwa la Ng'ombe. Unanung'unika kwenye kikundi cha WhatsApp usiku kucha. Unatuma sauti za dakika nne ukimlaani waziri. Mkutano ukiitishwa, uko wapi? Kura ikipigwa, uko wapi? "Nina wagonjwa." Wote wana wagonjwa! Wenye hospitali kubwa nao wana wagonjwa, lakini wao wana mtu wa kumtuma. Asokuwapo na lake halipo. Wazee walisema, nawe unalirudia kwenye harusi za watu, ila kwako mwenyewe hulitumii.

Na wewe mgonjwa mwenzangu, usicheke. Unakatwa kila mwezi, unapofika dirishani unaambiwa mfumo umekwama au leta taslimu, unalipa, unashukuru, unaondoka. Hata risiti huombi! Hujui kituo chako kinadai kiasi gani, hujui kiko chama gani, hujui nani alitangaza ulipe. Mtoto asiyelia hapewi titi, na sisi tumekuwa watoto wa miaka arobaini tusiolia.

Chama kinachojiita cha vijijini na mijini hakina budi kutangaza deni lake kwa takwimu mbili: kiasi, na idadi ya vituo kwa kila ngazi na kila kaunti. Kabla ya kutangaza taslimu, kiwaulize wenye kliniki za ngazi ya pili peke yao, na jibu lao litangazwe hata likiwa hapana. Na meza ya mazungumzo na serikali iwe na kiti cha mwenye kliniki ndogo, tena wa Pwani, asiyekuwa na hospitali nyingine ya pembeni.

Wenye kliniki wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kutaneni wenyewe kwanza, hata kama ni chini ya mwembe. Andikeni barua moja, tieni sahihi zenu zote, ipelekeni kwa chama. Ulizeni swali moja tu: tangazo lijalo likitoka, mtakuwa mmetuhesabu kwa shilingi au kwa vichwa? Wakikosa kujibu, msilipe ada ya mwaka ujao.