Homa ya Aliyechanjwa

Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola aliyesafiri kutoka Beni alithibitishwa katika zoni ya afya ya Ariwara, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilomita chache kutoka mpaka wa Uganda, na pamoja naye likafika swali linaloongoza toleo hili: muuguzi anayepandwa na homa siku moja baada ya kuchanjwa dhidi ya Ebola aangaliwe kwa jicho gani?

Chanjo iliyotumika, rVSV-ZEBOV, ni kirusi hai cha ugonjwa wa mifugo kilichodhoofishwa na kuvikwa protini moja tu ya ganda la kirusi cha Ebola, na kwa sababu hiyo haiwezi kumwambukiza mtu Ebola yenyewe. Lakini mwili huipokea kwa kishindo, yaani homa, kichwa kuuma, uchovu na maumivu ya misuli, ambayo kwa kawaida huanza katika siku mbili za mwanzo na kuisha kabla ya wiki, ingawa wachache huvimba viungo baadaye. Dalili hizo ndizo zinazomfanya mtu ashukiwe kuwa na Ebola, tena katika nchi ambayo malaria haikosekani wodini. Hata maabara yaweza kutatanishwa, kwa kuwa kipimo cha GeneXpert hutafuta jeni mbili za kirusi, na mojawapo ndiyo iliyobebwa na chanjo. Mpimaji asiyeambiwa tarehe ya kuchanjwa husoma jibu nusu.

Kusema kwamba madhara haya ni madogo ni kweli kwa daktari wa takwimu, si kwa kituo chenye wauguzi wawili waliochanjwa asubuhi moja. Msimamo wa toleo hili ni kwamba homa ya chanjo ni jambo la kupangiwa zamu na mapumziko yenye malipo, lisiachwe kuwa lalamiko la mtu binafsi. Wala isidharauliwe: kinga huchukua takriban siku kumi kukomaa, na aliyechanjwa huenda tayari alikuwa amegusana na mgonjwa, hivyo anayeambiwa "ni chanjo tu" na kurudishwa kuhudumia wagonjwa huhatarisha wodi nzima. Katika mlipuko huo wa Ebola, uliodumu kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470, wakiwamo wahudumu wa afya zaidi ya 160.