Nani ana ufunguo wa mishahara yetu?

Ndugu wafanyakazi, siku hizi saa zetu na mishahara yetu havikai tena kabatini, vimo ndani ya kompyuta kubwa ya ofisi. Katika kiwanda kimoja hapa Bujumbura nilikuta karani aliyehamishiwa bohari bado anaweza kufuta saa za watu. Hatari hiyo! Dawa ipo: ruhusa isitolewe kwa mtu mmoja mmoja, bali kwa kundi la kazi, kwani majina mia hayakumbukwi, makundi manne yanahesabika. Makarani wa mishahara waandike, wasimamizi wasome tu, wengine wafungiwe. Anayehama atolewe kundini siku ileile. Wajumbe, daini kuona orodha ya makundi kila mwezi. Jasho letu lisiachwe mlango wazi!