Hatari ya mfungwa haipimwi gerezani peke yake

Sheria ya Kongo inaruhusu mfungwa aachiliwe kwa masharti akiisha kumaliza robo ya kifungo chake, mradi amefungwa zaidi ya miezi 3. Waziri wa sheria ndiye anayeamua, akiisha kupata maoni ya mwendesha mashtaka na ya mkuu wa gereza. Na mama aliyekimbia Bijombo, nyumba yake ikachomwa? Katika orodha hiyo hayumo.

Tabia njema gerezani ni rahisi kuiona: anasali, anafagia, hapigani. Lakini mule ndani hakuna bunduki, hakuna ng'ombe wa kunyang'anya, wala vijana wanaomngojea awaongoze tena. Hayo yote yako mlimani.

Novemba 2015, mahakama ya kimataifa ya La Haye, CPI, ilimpunguzia Germain Katanga kifungo miaka 3 na miezi 8, juu ya shambulio la Bogoro, Ituri. Majaji walipaswa kupima pia kama kurudi kwake kutaleta fujo, na mawakili wa wahanga walisikilizwa. La Haye ilisikia Bogoro. Uvira inashindwaje kusikia Bijombo? Waliokimbia wengi wako hapa hapa mjini. Mwendesha mashtaka awaite mbele ya kuandika maoni yake, awaulize: huyu akirudi, ninyi mtarudi?