Bunduki ya Kumpa Mwenzako



Juma hili mama mmoja aliniomba nikemee mimbarini mchezo wa kompyuta ambao mwanawe wa kidato cha tatu hauachi. Mchezo wenyewe ni Counter-Strike, ulioanza mwaka 1999. Toleo lake liitwalo Counter-Strike 2 lilitoka mwaka 2023. Nilimwomba kwanza niketi na kijana nimtazame akicheza. (Nasimulia haya kwa ruhusa yao wote wawili.)

Ni kweli, humo risasi zinalia na watu wanaanguka. Hilo silipambi. Lakini alicheza kwa timu mbili za watu watano watano: magaidi hutega bomu, askari huwazuia au hulitegua. Anayeuawa harudi mpaka raundi iishe. Hubaki akitazama kwa macho ya wenzake walio hai. Ipo pia namna ambayo kila mtu hupigana kivyake na aliyekufa hufufuka papo hapo. Kijana huiona hiyo kuwa mazoezi tu.

Mwanzoni kila mchezaji hupewa dola 800 za mchezoni, ilhali bunduki ya AK-47 ni dola 2,700, na ile ya mdunguzi, AWP, ni 4,750. Kwa hiyo timu iliyofilisika hupatana isinunue kitu raundi moja, ili raundi ifuatayo wote wawe na silaha. Mwenye akiba hununua bunduki ya pili na kuitupa chini mbele ya mwenzake asiye nayo. Nilimwuliza kijana kwa nini amempa mtu asiyemjua hata kwa sura. Akajibu, “Padre, akibaki na bastola tutashindwa sote.”

Kipo pia kifaa cha dola 400 cha kutegulia bomu. Bila hicho kazi huchukua sekunde 10; ukiwa nacho, sekunde 5. Hakimdhuru mtu, wala hakimpi mwenye nacho sifa yoyote. Mimi ndicho nilichokipenda.

Kilichonitia hofu nilikiona mchezo ulipokwisha, kijana aliponionyesha makasha. Tangu mwaka 2013 bunduki hizo hizo zina mapambo ya rangi na michoro, yasiyoziongezea shabaha wala nguvu. Kasha hufunguliwa kwa ufunguo wa fedha halisi, zaidi ya dola 2 za Marekani, na kitakachotoka ni bahati nasibu. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliyahesabu makasha ya mchezo huo kuwa kamari. Nikawakumbuka askari waliopigia kura vazi la Bwana chini ya msalaba. Kijana alikwisha kuanza kuweka kando nauli ya shule apate ufunguo mmoja.

Basi, mimbarini sitaukemea mchezo, nitazungumzia ufunguo. Naye mama nimemwomba aketi na mwanawe walau jioni moja, amwulize leo amempa nani bunduki, na nauli iko wapi. Hakuridhika sana. Aliniambia bunduki ni bunduki, Padre, hata ikiwa ya kuchora. Sikubishana naye, kwa maana ana kaka aliyempoteza kwa risasi ya kweli.

Nawatakieni Dominika njema.