Uchambuzi: Treni imefupisha safari ya Dar, sasa mtihani ni mzigo

Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hadi Agosti, ndipo watu wengi wa vijiji vya Dodoma hupata nafasi ya kusafiri. Mvua zimekwisha, shamba limepumzika, na Juni watoto wako likizo. Mama anakwenda Dar es Salaam kumwona mjukuu, kijana anakwenda harusini Morogoro, mwingine ana ndugu Zanzibar ambaye hajamtembelea miaka mingi. Na kila mwaka swali ni lile lile: nibebe nini?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu 2024. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Kwa nauli iliyotangazwa na LATRA wakati huduma inaanza, mtu mzima alilipa shilingi 31,000 kwa treni ya kawaida, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu ya hapo. Safari iliyokuwa inakula siku nzima ndani ya basi sasa ni ya takriban saa 4.

Lakini mzigo wa abiria wa treni hii una kikomo cha uzito na ukubwa, na stesheni unapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Hapo ndipo desturi yetu ya kusafiri inapogongana na utaratibu mpya.

Basi lilituzoesha nini?

Kwenye basi, mzigo ni suala la maelewano. Salfeti ya karanga, ndoo ya mafuta ya alizeti, kuku wawili kwenye kikapu, na lile begi kubwa la mistari linaloitwa shangazi kaja: vyote vinaingia kwenye buti, ukielewana na kondakta. Kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kuchagua. Mtu anafunga kabati zima, "huwezi kujua," halafu nusu ya nguo inarudi nyumbani bila kukunjuliwa.

Hesabu ya mzigo si ngeni katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mpwapwa na Ugogo. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, kwa miguu. Na sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa nguo: merikani na kaniki zilizotumika kununulia chakula na kulipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili msafara upite na kupata maji. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma mwaka 1910, mzigo ulihama kutoka mabegani kwenda kwenye behewa. Kila chombo kipya cha safari hubadilisha mizani, na leo ni zamu yetu.

Mzigo ni wa nani hasa?

Ukifungua mizigo ya msafiri wa kijijini utakuta ni miwili. Wa kwanza ni nguo zake. Wa pili si wake: ni karanga, ubuyu, mlenda mkavu, unga wa uwele na asali, vitu vinavyosubiriwa mjini. Huo wa pili ni heshima. Hakuna bibi anayependa kufika kwa mwanawe mikono mitupu.

Mizani ikibana, wengi hupunguza mzigo wa pili kwa kuwa ndio mzito zaidi, na nguo wanaziacha zilivyo. Tunadhani ni kinyume cha inavyotakiwa. Nguo ya tano na ya sita hazimfurahishi mtu, lakini kilo mbili za karanga mpya zinafurahisha nyumba nzima.

Na kama zawadi ni gunia, kuna njia nyingine. Kampuni nyingi za mabasi hupokea vifurushi. Unaweza kutanguliza gunia kwa basi siku moja kabla, likiwa na jina na namba ya simu ya mpokeaji, ukatunza risiti, kisha wewe ukapanda treni na begi moja. Piga hesabu kwanza: gharama ya kifurushi ukijumlisha na nauli ya treni ikizidi uwezo, basi bado ni usafiri halali, na hakuna aibu kulipanda.

Kupendeza kwa nguo chache

Hofu kubwa ni kuonekana. Mtu anayetoka kijijini hataki mjini wamwone ana nguo mbili. Wapo wanaokopa kwenye kikoba ili wanunue nguo za safari, halafu msimu wa kupanda ukifika wanakosa fedha ya mbegu. Hilo ndilo deni la kuogopa kuliko macho ya watu.

Hesabu ni rahisi. Chukua nguo tatu za juu na mbili za chini ambazo rangi zake zinaelewana zote. Tatu mara mbili ni sita: mavazi sita tofauti kwa nguo tano. Ukiongeza moja ya juu unapata manane. Siri iko kwenye rangi. Chagua suruali au sketi nyeusi, ya bluu iliyoiva au ya kaki, kisha acha nguo za juu ndizo ziwe na maua.

Kwa mwanamke, doti moja ya kanga ni begi zima. Ni mtandio, ni shuka ya njiani, ni vazi la jikoni kwa wenyeji, ni mbeleko, ni nguo ya msibani ikitokea dharura. Gauni moja la kitenge lililoshonwa vizuri na fundi linakwenda kanisani, harusini na mjini. Kwa mwanaume, shati jeupe lililopigwa pasi na suruali ya kitambaa vinamfikisha popote. Kikoi kinamtosha nyumbani.

Viatu ndivyo vinavyokula nafasi. Jozi mbili zinatosha: vaa vile vizito safarini, ndala ziwe ndani ya begi. Usisahau kuvipiga kiwi kabla ya kuondoka, kwa maana nguo ya kawaida yenye viatu safi hupendeza kuliko nguo mpya yenye viatu vya vumbi.

Baridi ya Dodoma, jasho la Dar

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai baridi inauma. Dar es Salaam iko pwani. Hata miezi hiyo mchana kuna joto na unyevunyevu. Wengi hufunga masweta matatu wasiyoyahitaji. Vaa sweta moja mwilini alfajiri, ukifika litaingia kwenye begi. Pwani chukua nguo za pamba, kwa kuwa zinapitisha hewa, unaweza kuzifua jioni, na ni nyepesi.

Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Nguo chafu zifunge kwenye kipande cha kanga. Dawa, simu, kitambulisho na fedha vikae kwenye mkoba mdogo unaobaki nao mkononi, na begi kubwa lisiwe na kitu ambacho kikipotea safari inaharibika.

Tunaondoka na nini?

Treni imempa mwanakijiji muda, lakini haijampa mahali pa kuweka gunia lake. Huduma nafuu ya vifurushi inayounganisha vijiji, stesheni na mabasi ingefanya reli hii iwe ya mkulima pia, si ya mwenye begi la magurudumu peke yake. Hilo ni la wenye mamlaka kulifikiria.

La kwako, msikilizaji, ni hili: kabla ya kukata tiketi, uliza kikomo cha mzigo. Usiku wa kuamkia safari, panga nguo zote kitandani, kisha rudisha nusu kabatini. Nafasi itakayobaki, jaza karanga.