Nani Anafaa Kuwa Mweka Hazina?



Uchaguzi wa matawi umekaribia, na maneno ni mengi karakanani na stesheni. Wengine wasema tumchague kijana mwenye vyeti, kwa maana hesabu za siku hizi ni ngumu. Wengine wasema wenye vyeti ndio waliotumaliza, afadhali mzee mwaminifu hata kama kalamu inamlemea. Sisi twaona kila upande umeshika nusu ya jambo na kuacha nusu ya pili.

Tumtazame kwanza huyo mzee. Hataiba hata senti moja. Lakini risiti zitachanganyika, ada za mwezi huu zitaandikwa katika mwezi mwingine, na mwisho wa mwaka fedha zitapungua wala haitajulikana zilikokwenda. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo mtu safi atachafuliwa jina, na fedha zetu hazitarudi.

Sasa tumtazame kijana. Daftari lake lapendeza, mistari imenyoka na jumla zapatana. Lakini ikiwa hana tabia njema, elimu yake imemfundisha tu mahali pa kuficha. Tena ikiwa ndiye peke yake ajuaye hesabu, nani atamgundua?

Sisi watu wa reli jambo hili si geni kwetu. Katika njia moja inayotumiwa na treni za kwenda na za kurudi, stesheni masta hampi dereva ruhusa ya kuondoka mpaka aulize stesheni ya mbele na kuambiwa kwamba njia i wazi. Kanuni hiyo hufunzwa darasani, na mtu hufanyiwa mtihani. Lakini saa nane za usiku, mvua inanyesha, na yeye yu peke yake ofisini, hakuna mtihani uwezao kumlazimisha aulize. Anayeuliza wakati huo ana elimu iliyoshuka kutoka kichwani mpaka moyoni. Abiria waliolala ndani ya mabehewa hawamjui, lakini maisha yao yamo mkononi mwake.

Katika historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya tunaye mfano mwema, marehemu Makhan Singh. Baba yake alikuwa fundi wa reli, kisha akafungua kiwanda cha kupiga chapa mjini Nairobi. Mwana alisoma, akafanya kazi katika kiwanda hicho, na mwaka 1935 akasaidia kuanzisha chama cha wafanya kazi kisichobagua watu kwa rangi, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilibagua watu katika kila kitu. Mwaka 1950 alikamatwa, na hakuachiliwa mpaka 1961. Mtu wa elimu yake angeweza kutafuta njia rahisi. Hakuitafuta. Alipotoka alikusanya kumbukumbu za harakati hizo, akaandika kitabu cha historia yake kilichotolewa mwaka 1969. Akili yake na msimamo wake vilifanya kazi pamoja.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumchague mtu anayejua hesabu, lakini kabla ya kuuliza vyeti vyake tuulize habari zake. Je, hulipa madeni yake? Alipopewa mchango wa matanga autunze, alileta hesabu bila kudaiwa? Majirani na wenzake wa zamu wanajua majibu.

Pili, tusimwachie elimu mtu mmoja. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 inampa mwanachama haki ya kukagua vitabu vya hesabu vya chama chake. Haki hiyo yataka akili ya kusoma daftari, na yataka ujasiri wa kuuliza mbele ya watu. Kila mkutano wa tawi na usome hesabu kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wanaojua wawaeleze wasiojua, bila dharau. Baada ya mikutano michache hata mfagiaji ataweza kusema, “Ndugu mweka hazina, risiti ya hii iko wapi?”

Tatu, mweka hazina asikasirike akiulizwa. Swali si tusi. Mwaminifu hulindwa na maswali, kwa kuwa kila jibu lake ni ushahidi wake.

Tunakaza mikanda ili watoto wetu wasome, na ni vyema. Lakini mtoto hujifunza pia kwa kumtazama baba na mama wakishika fedha za wengine. Mtoto akituona twamchagua mjanja kwa kuwa alitununulia chai, hilo nalo ni somo, na atalikumbuka kuliko ya ubaoni.

Ndugu, ada ikatwayo katika mshahara wako ni jasho lako. Njoo mkutanoni, piga kura, kisha uombe kuliona daftari.

Mhariri